Mashine, Panya na Magoti ya Mwanadamu: Safari ya Daraja la Sena

Ndugu msomaji, kabla sijakufikisha kwenye ukingo wa mto Zambezi, niruhusu nikupitishe kwanza Kihonda, mjini Morogoro, nyumbani kwa baba yangu mkubwa. Ni mzee aliyekwisha kuvuka miaka sabini, mcheshi, mpenzi wa bao, mwenye shamba dogo la mahindi na mguu mmoja. Mguu wa pili aliuacha katika jimbo la Zambezia, nchini Msumbiji, mwaka 1988, wakati askari wetu walipokuwa huko kuisaidia nchi hiyo jirani iliyokuwa ikiteketea kwa vita. Hakupigwa risasi, wala hakuwa mapambanoni. Alikuwa akienda kuchota maji kwa kijia ambacho watu walikuwa wamekipita asubuhi ile ile.

Nilikwenda kumuaga. Baada ya shikamoo na marahaba, akaniuliza safari yangu ni ya wapi.

"Msumbiji, baba mkubwa. Nakwenda kuona ardhi iliyosafishwa mabomu."

Akanyamaza kitambo, akiipanga fimbo yake kando ya kiti. Kisha akasema, "Basi niulizie neno moja, mwanangu. Siku hizi kuna katapila za kubomoa vilima, na mashine za kuvuna ekari mia bila mtu kushika mundu. Kwa nini basi kijana wa watu apige magoti, kijiti mkononi, akilitafuta bomu kama atafutaye sindano? Mashine haipo? Au ipo, ila roho ya maskini ni rahisi kuliko mafuta ya mashine?"

Nilijaribu kucheka, nikashindwa. Swali hilo ndilo nililolibeba safari nzima, na ndilo nitakalojaribu kulijibu mbele yako leo.

KUELEKEA ZAMBEZI

Nilishukia Beira, mji wa bandari ambao bado unaonyesha makovu ya kimbunga Idai cha Machi 2019. Kutoka hapo barabara inaelekea magharibi, ikiyapita mabonde mapana ya mto Pungwe, hadi njia panda ya Inchope. Ndipo unapogeuka kaskazini na kuipita Gorongosa. Ni safari ndefu. Njiani utawaona vijana wakisukuma baiskeli zilizolemewa na magunia ya mkaa, na akina mama wakiuza mananasi na korosho. Kadiri unavyoukaribia Zambezi joto huzidi, na mibuyu huanza kujitokeza kama wazee waliotangulia kufika mkutanoni. Ukifika Caia unaacha barabara kuu na kuufuata ukingo wa mto hadi mji mdogo wa Vila de Sena.

Na hapo ndipo lilipo daraja. Linaitwa Dona Ana. Wareno walilijenga katika miaka ya 1930, na urefu wake unazidi kilomita tatu na nusu: matao ya chuma yanayofuatana juu ya maji na mchanga mpaka ng'ambo ya Mutarara. Juu yake hupita reli ya Sena, iunganishayo Beira na machimbo ya makaa ya mawe ya Moatize, katika jimbo la Tete. Katika miaka ya 1980 daraja hili lilivunjwa kwa baruti na reli ikanyamaza. Vita vilipokwisha lilitengenezwa, kwanza kwa ajili ya magari, na mwishoni mwa muongo wa 2000 likarudishiwa treni.

Msomaji asiyeijua historia ya nchi hii atauliza, mabomu yalitoka wapi? Jibu ni kwamba kila aliyepigana aliacha yake. Wakoloni wa Kireno, waliopigana na FRELIMO tangu 1964 hadi 1974, waliyatega kulizunguka bwawa la Cahora Bassa na kwenye njia za wapigania uhuru. Utawala wa walowezi wa Rhodesia uliyatandika mpakani katika miaka ya 1970. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokoma kwa mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Katika vita hivyo madaraja, nguzo za umeme na visima vilizungushiwa mabomu ili kuvilinda, na barabara na vijia vikategwa ili watu wasipite. Amani ilipotiwa sahihi bunduki zilikusanywa, lakini bomu la ardhini halisomi mapatano. Huendelea kumngoja mtu yeyote, awe askari, mbuzi au mtoto aliyetumwa kuni.

MWENYEJI WANGU

Mwenyeji wangu Sena alikuwa mzee mwembamba aliyefanya kazi ya kutegua mabomu tangu 1994 hadi kazi ilipokwisha mwaka 2015. Kiswahili chake kilinishangaza, maana kilikuwa cha zamani na safi. Alikisoma Tunduru akiwa mtoto, katika shule ya wakimbizi wa FRELIMO wakati wa vita vya ukombozi. Tulipokutana alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, ndugu. Tanzania ilinilea. Leo utakula kwangu."

Baada ya samaki na ugali tulitoka kwa miguu kando ya tuta la reli. Nilimwekea mbele swali la baba mkubwa kama lilivyo. Hakukasirika. Alitikisa kichwa na kusema, "Mzee wako ameuliza vema. Sisi wenyewe tuliuliza siku mashine ya kwanza ilipoteremshwa."

Ndugu msomaji, mashine zipo, na si za jana. Mwezi Oktoba 1942, kwenye jangwa la Misri mahali paitwapo El Alamein, jeshi la Uingereza lilitumia vifaru vilivyofungwa minyororo mbele yake. Wazo lilitoka kwa askari mmoja wa Afrika Kusini. Mtaimbo ulizunguka kwa nguvu, na minyororo ikaichapa ardhi ili bomu lipasuke chini ya chuma badala ya chini ya mguu wa mtu. Mashine nyingi za leo ni wajukuu wa kifaru kile.

Mzee alinieleza aina zake, akichora mchangani kwa fimbo. Ya kwanza ni hiyo ya minyororo, yenye vinyundo vya chuma kwenye ncha. Ya pili ina pipa zito lenye meno, linalozunguka na kuisaga ardhi kama jembe la trekta lililopandwa hasira. Ya tatu ni kijiko cha kawaida cha kuchimbia barabara, ila kimevikwa mabamba ya chuma na kioo kinene. Huchota udongo, ukachekechwa, na kilichobaki kwenye chekecheke kikakaguliwa. Ya nne ni mashine ya kukata vichaka tu. Nyingine huendeshwa na mtu aliyekaa ndani, na nyingine, zilizo ndogo zaidi, huongozwa kutoka mbali kwa kifaa cha mkononi, mwendeshaji akiwa amejikinga.

"Basi tatizo liko wapi?" nikauliza.

TOFAUTI YA ASKARI NA MKULIMA

Alisimama na kunionyesha shamba lililokuwa chini ya tuta. Mama mmoja alikuwa akipalilia ufuta, mtoto mgongoni, na mwingine wa miaka mitatu hivi akichezea mabua pembeni yake.

"Mwangalie yule," akasema. "Askari vitani anataka njia. Mashine ikimvunjia mabomu tisa kati ya kumi, atashukuru na kupita mbio. Je, huyu mama umwambie shamba lako lina mabomu kumi, tumetoa tisa, kalime?"

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Vita huhesabu njia. Kilimo huhesabu kila hatua. Kwa ajili hiyo kanuni za kimataifa za kazi hii zinadai kwamba ardhi ikabidhiwe baada ya mabomu yote kuondolewa mpaka kina kilichokubaliwa, si mengi yake, bali yote.

Na mashine ya minyororo, pamoja na nguvu zake, ina kasoro zake. Yapo mabomu, mathalani lile la Kirusi liitwalo PMN, lenye ukubwa wa kisosi cha chai na baruti ya gramu 240, ambayo yakichapwa huweza kuvunjika bila kulipuka na kuacha vipande vyenye baruti udongoni. Jingine hurushwa pembeni likaangukia palipokwisha kusafishwa, na jingine husukumwa chini zaidi. Penye mawe minyororo hurukaruka, na penye tope mashine huzama. Kwenye mteremko wa tuta la reli huelekea kupinduka. Ikikanyaga bomu la kuvunjia vifaru, yenyewe huenda karakana kwa wiki kadhaa. Tena ardhi iliyosagwa hovyo hupoteza udongo wake wa juu, na mkulima akapewa shamba salama lisiloota kitu.

Kwa hiyo, penye mabomu mashine haimalizi kazi, huianza. Baada yake sharti apite mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma, au mbwa, au mnyama mwingine nitakayekutajia baadaye.

"Lakini usidhani tuliichukia," mzee akaongeza. "Hapo zamani, muda wetu mwingi haukwenda kwenye mabomu. Ulikwenda kwenye majani. Unakata tawi moja moja, taratibu, kwa kuogopa waya wa mtego. Siku nzima unasogea mita chache. Mashine ya kukata vichaka ilipokuja, ilitufyekea kwa asubuhi moja mahali ambapo tungepiga magoti mwezi mzima. Na waya za mitego zilikatikia kwenye chuma chake, si kwenye miguu yetu. Siku ile wake zetu walilala usingizi."

HESABU YA MAMA WA NYUMBANI

Sasa tuje kwenye fedha, maana baba mkubwa aliigusa. Umoja wa Mataifa umezoea kusema kwamba bomu moja la ardhini hugharimu dola chache tu, hata tatu, kulitengeneza, lakini kuliondoa hugharimu kati ya dola 300 na 1,000. Ni biashara ya shetani: kuharibu ni rahisi, kutengeneza ni ghali.

Je, mashine hupunguza gharama hiyo? Jibu la mzee ni kwamba inategemea unaitumia wapi, na kila mama wa nyumbani ataielewa hesabu yake. Hukodi lori kubeba debe moja la mahindi. Mashine hula dizeli, hutaka vipuri vitokavyo ng'ambo, hutaka trela la kuibeba, fundi wa kuihudumia na daraja litakalouhimili uzito wake. Mvua za masika zikifika hulala bila kazi, na gharama zake hazilali. Ukiipeleka kwenye kipande kidogo chini ya nguzo ya daraja, kijana mwenye kifaa chake atamaliza kwa bei ndogo kabla trela halijafika. Lakini ukiipeleka kwenye tambarare pana, yenye vichaka vizito na mabomu machache yaliyotawanyika, kila siku ikiwa na kazi, basi bei ya kila mita ya mraba huteremka, na miezi ya kungoja ya wanakijiji hupungua.

Kuna jambo kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya ardhi iliyoogopwa haikuwa na bomu hata moja. Uchunguzi uliofanywa Msumbiji na kukamilika mwaka 2001 ulikadiria kwamba eneo lililoshukiwa lilizidi kilomita za mraba 500. Tathmini nyingine ilifanywa mwaka 2007 na 2008. Wakaguzi walikwenda kijiji kwa kijiji, wakiwauliza wachungaji, wakulima na askari wa zamani, ni nani alitega, wapi na lini. Ikaonekana kwamba kilichosalia katika majimbo ya kusini na kati kilikuwa kama kilomita za mraba 12 tu. Sehemu ilikuwa imekwisha kusafishwa. Sehemu kubwa zaidi haikuwa na kitu ila woga.

Usiudharau woga huo. Mtu akilipuliwa mahali pamoja, kijiji kizima huacha bonde zima, na njaa huingia kwa mlango ambao bomu halikuugusa. Lakini tafakari hasara ya kuisaga kwa mashine ardhi yote ile ya kilomita 500, dizeli yake na miaka yake. Mashine iliyo ghali kuliko zote ni ile inayotafuta mabomu mahali yasipo. Chombo cha kwanza cha kutegua mabomu kwa gharama nafuu ni kumsikiliza mwenyeji kwa makini. Ndipo panapobakia shaka huitwa mashine, ipite ithibitishe.

CHINI YA DARAJA

Jua lilipoanza kuteremka tulifika mahali ambapo kijito kinapita chini ya reli. Daraja dogo, nguzo mbili za zege, majani mabichi. Mzee alinyoosha fimbo yake.

"Mahali kama hapa," akasema, "hakuna mashine. Tuta ni kali. Udongo umejaa misumari ya reli, makopo na vipande vya chuma vya miaka sitini, na kifaa hulia kila sentimita. Kila kinapolia unapiga magoti, unachimba kwa ubavu, taratibu, kana kwamba ndilo bomu. Mara mia ni msumari. Mara ya mia na moja si msumari."

Nilimwuliza kama aliwahi kumpoteza mwenzake. Akanitajia jina la mtu, kisha akaomba nisiliandike, kwa kuwa mama yake marehemu yu hai. Tulikaa kimya mpaka treni ya makaa ya mawe ilipopita juu yetu, mabehewa mengi yasiyokwisha, na tuta zima likatetemeka. Nikakumbuka kwamba bomu la mwisho lililojulikana nchini humo liliondolewa mwaka 2015 kwenye tako la daraja la reli kama hilo, katika eneo la kati la nchi. Tarehe 17 Septemba mwaka huo Msumbiji ilitangazwa kuwa haina tena maeneo yajulikanayo ya mabomu ya ardhini. Shirika moja tu, HALO Trust, liliondoa zaidi ya mabomu 171,000 kwa muda wa miaka zaidi ya 20, na mikono iliyofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Wamsumbiji wenyewe.

"Siku ya kukabidhi shamba," mzee alisema tulipokuwa tukirudi, "sisi tuliosafisha tulitembea juu yake kwanza, mbele ya kijiji kizima, tukiwa bega kwa bega, bila kinga ya uso wala fulana nzito. Ndipo akina mama wakaingia na majembe. Mashine haiwezi kukuhakikishia hivyo. Haina watoto."

PANYA WA MOROGORO

Niliporejea nyumbani sikwenda moja kwa moja Kihonda. Kulikuwa bado na kituo kimoja, nacho kilikuwa mlangoni petu wenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chini ya milima ya Uluguru, shirika la APOPO lenye asili ya Ubelgiji limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu tangu mwaka 2000. Niliamka alfajiri, kwa kuwa panya hawa hufanya kazi kabla jua halijawa kali.

Panya hufungwa ukanda mdogo, akapita kwenye kamba iliyovutwa kati ya walezi wawili, pua chini, akienda na kurudi. Anaponusa baruti husimama na kuparura ardhi. Mlezi hubofya kitu kiliacho "ka!", na panya hupewa kipande cha ndizi. Uzito wake ni kama kilo moja, kwa hiyo halipui bomu. Tena hashughulishwi na misumari wala makopo, maana hanusi chuma, hunusa baruti. Eneo la uwanja wa tenisi humaliza kwa nusu saa hivi, ambapo mtu mwenye kifaa huweza kutumia hadi siku nne. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa hapa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa huko Uingereza mwaka 2020. Wenzake walifanya kazi Msumbiji, hasa katika jimbo la Gaza, lililokamilishwa mwaka 2012.

Lakini panya hapiti kwenye kichaka kirefu. Sharti majani yakatwe kwanza, nako penye tambarare ndiko mashine inakofaa. Na panya akiisha kuparura, sharti mtu apige magoti alifukue bomu na kulilipua. Unaona basi, ndugu msomaji, jinsi kazi inavyogawanyika: chuma hufungua njia, pua hutambua, mkono humaliza. Umoja ni nguvu, hata baina ya panya na katapila.

JIBU KWA BABA MKUBWA

Jioni nilimkuta barazani, ubao wa bao mbele yake. Nikamweleza yote, tangu daraja la Dona Ana hadi panya wa alfajiri. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo mashine ipo."

"Ipo, baba mkubwa. Huokoa muda mwingi na miguu mingi. Lakini peke yake haitoshi kumwambia mama mwenye mtoto mgongoni, kalime."

"Na anayepiga magoti hapigi kwa sababu ni rahisi."

"Hapana. Anapiga kwa sababu mahali pale chuma kimeshindwa."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi huyo ni askari kuliko mimi," akasema, na kuanza kupanga kete.

Ndugu msomaji, ingekuwa tamu kumalizia hapo, lakini haki ya kweli haituruhusu. Tangu mwaka 2017 jimbo la Cabo Delgado, lililopakana na Mtwara yetu, limeingiwa na vita vipya, na pamoja navyo mabomu ya kutengenezwa kienyeji yaliyotegwa barabarani. Nchi iliyotumia zaidi ya miaka ishirini kujisafisha imeonja tena kile ilichokitoa kwa magoti na kwa chuma. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mashine bora itabuniwa, na hapana shaka panya wataendelea kunusa. Lakini bomu lililo rahisi kuliko yote kuliondoa ni lile ambalo halikutegwa. Ukimwona mzee mwenye fimbo akivuka barabara, msimamishie gari, na umfundishe mwanao kwa nini umesimama.